Mpiga Baruti Aliyekwenda Dar es Salaam Kutafuta Mshangao

Mpiga Baruti alikuwa akisema kwamba hakuna kitu juu ya ardhi wala chini yake kitakachomshangaza, na alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayekwambia kwamba yeye hanywi maziwa. Ukimbishia, alinyamaza. Ukimletea ushahidi, aliutazama, akautikisia kichwa, akasema, "Kawaida."

Neno hilo nililisikia kinywani mwake mara nyingi kuliko neno lingine lolote, na mimi nilikaa naye jirani miaka mingi pale Shinyanga, ukuta kwa ukuta, kabla sijawa mtu mnayemwona leo. Maana leo mkikutana na lori lenye turubai jipya kwenye barabara ya Kahama, ulizeni la nani. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisoma nimekaa chini kwa sababu dawati lilikuwa la mtoto wa karani. Lakini siku hizo nilikuwa tayari na hoteli yangu ya chai mbele ya stesheni, meza nne na benchi moja refu, na dada yangu Mama Kulwa akinikaangia maandazi. Kwa hiyo ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu. Sikuhadithiwa na mtu.

Kwanza mjue kutembea kwake. Kabla ya kuhamia mjini alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, huko Rwamgasa na kwingine. Yeye ndiye aliyekuwa akishindilia baruti kwenye matundu ya mwamba, akawasha utambi, akaondoka. King'ora kikilia wenzake wote walikuwa wameshalala kifudifudi mbali. Yeye alikuwa wa mwisho kutoka shimoni. Aliniambia, "Bwana mdogo, ukishawasha utambi usikimbie. Anayekimbia hujikwaa. Wewe tembea tu." Basi akatembea hivyo hivyo maisha yake yote. Mvua ilimkuta njiani akatembea. Siku jiko langu la makuti liliposhika moto, watu walikimbia huku na huko wakigongana vichwa na ndoo, mwingine akamwagia maji mwenzake. Mpiga Baruti akaenda kisimani kwa mwendo wake wa msibani, akarudi na debe, akazima. Nikamwambia, "Wabeja, mzee wangu, umeniokoa." Akaniangalia kama niliyemshukuru kwa kupiga chafya.

Na uso wake. Uso ule ulikuwa kama mlango wa godauni siku ya Jumapili. Watu wa Shinyanga wanapenda mchezo, wakaufanya uso ule kuwa mchezo wa mji mzima. Walikuja wacheza nyoka, wale wa ngoma ya bayeye, wakamvisha chatu shingoni mbele ya halaiki ya watu. Wanawake wakapiga mayowe. Yeye akampapasa chatu kidogo tumboni, akasema, "Huyu hajala." Na kweli nyoka alikuwa na njaa, wenyewe wakaona aibu. Siku nyingine lori lisilo na breki liliteremka likaingia duka la nyama jirani na alipokuwa amekaa. Akasogeza kiti chake kidogo, akaendelea na chai. Mimi mwenyewe nilimpandisha kwenye baiskeli yangu mpaka Ibadakuli akaone ndege ikitua. Ndege ikaja inanguruma, ikatua, vumbi likatufunika, nikageuka kumtazama huku nikicheka peke yangu kwa furaha.

"Haya, mzee, hiyo je?"

"Imeshuka."

"Ndiyo imeshuka! Chuma kimetoka angani!"

"Kila kinachopanda hushuka. Ingebaki kule kule juu, ndipo ningeuliza."

Msidhani alikuwa mtu mkavu. Alikuwa na mikono ya fundi saa. Wanawake wa mtaa wakishindwa kutunga uzi kwenye sindano walimpelekea yeye, na yeye aliutunga mara moja bila kuulamba. Baruti haikumtetemesha, lakini mtoto mchanga akilia nyumba ya tatu, alishindwa kula. Alinyanyuka akaenda kusimama mlangoni kwa watu, anangoja mtoto anyamaze. Hakuvuta sigara wala hakukaa karibu na anayevuta. Na mtu aliyekuwa amezoea kulipua milima hakuweza kuona sufuria imeachwa wazi. Alipita jikoni kwangu akifunika vyungu vya watu kama mama mkwe.

Na alikuwa mkweli kupita kiasi. Ukweli wake ulikuwa wa kukera. Nilipofungua hoteli nilimwuliza chai yangu ikoje. Akasema, "Ya moto." Alikuja kuinywa kila siku kwa muda mrefu sana, na mimi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kunipiku kwa kusoma nia ya mteja, nilidhani anaipenda chai. Kumbe alikuwa anamtazama dada yangu.

Dada yangu alikuwa mjane. Mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko cha kuamsha stesheni. Kila kitu kwake kilikuwa kipya: treni iliyofika kila siku aliitokea nje kila siku, akapiga makofi, "Hiyoo! Imekuja!" kana kwamba jana haikuja. Wanawe mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa wameshaoa na kwenda zao.

Siku ya siku Mpiga Baruti alikuja amevaa koti na kofia ya pama, akaagiza chai, hakuinywa. Akaniambia nikae. Akamwita Mama Kulwa naye akae. Akasema moja kwa moja kwamba anataka kumwoa.

Dada yangu akajifuta unga mikononi. Hakukasirika wala hakujifanya mtoto. Alisema, "Mzee wangu, kabla hujaendelea, unijue. Mimi nimezika mume. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa maandazi haya. Na wale mapacha niliwazaa peke yangu shambani, katikati ya mtama, wakati wa kuvuna, nikawakata kitovu kwa mundu, nikawabeba mwenyewe mpaka nyumbani, mmoja huku, mmoja huku."

Mpiga Baruti akamsikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akasema, "Kawaida."

Jamani. Kwetu Usukumani mapacha ndio mabasa. Mabasa wakizaliwa ukoo mzima hutoka nje, hufanyiwa tambiko, watu wazima huimba nyimbo ambazo siku nyingine ukiziimba unatozwa faini. Mama wa mabasa huheshimiwa kama chifu. Huyu alikuwa amezaa mabasa kwenye mtama, bila mkunga, na mwanamume anayemtaka anamwambia kawaida.

Mama Kulwa akasimama. "Sawa," akasema. "Mimi siwi kawaida ya mtu. Siku nitakayokuona umeshangaa, kitu chochote, hata kama ni inzi, siku hiyo njoo tena. Kama hushangai, baki na uso wako." Akarudi kwenye karai lake.

Sasa hapo ndipo nilipomwona mzee yule kwa mara ya kwanza akiwa na shida. Hakula. Alikaa kwenye benchi langu refu akitazama mbele. Wateja wakamhurumia, kila mtu akajaribu kumsaidia kwa njia yake. Mmoja alijificha nyuma ya mlango akamrukia akipiga kelele, yeye akamwambia, "Utaumia mguu." Nikamshauri, mimi mwenye akili ya biashara, kwamba adanganye tu: afungue mdomo, ainue nyusi, dada akimwona basi, mambo kwisha.

"Hivi, mzee. Aaa!" nikamwonyesha.

Akajaribu. Watu wa meza ya pili wakadhani ana jino bovu.

"Siwezi," akasema. "Nami sitamdanganya mwanamke yule kwa uso. Atakaa na uso huo mpaka kufa." Halafu akanishika mkono. "Bwana mdogo, mji mkubwa kuliko yote hapa nchini ni upi?"

"Dar es Salaam, mzee. Kuna bahari. Kuna meli kama mlima. Watu wakifika huko wanasahau majina yao."

"Nipeleke. Yeye naye aje, aone mwenyewe. Kama kitu cha kunishangaza kipo, kitakuwa huko. Nauli zote juu yangu."

Ndivyo tulivyosafiri watu watatu siku mbili za treni ili tukae Dar es Salaam mchana mmoja tu: kufika asubuhi, kuondoka na treni ya jioni, kwa sababu nilikuwa nimemwachia hoteli mtu nisiyemwamini. Dada yangu alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema anakwenda kuona bahari, haendi kuona mtu. Alifunga kapu la michembe, vile viazi vikavu vyetu, la kulisha kijiji, na akavaa kanga mpya.

Nani ataielezea raha ya safari ile! Daraja la tatu, mabenchi ya mbao, kuku chini ya miguu ya watu. Kutoka Shinyanga mpaka Tabora dada yangu hakukaa. Kila stesheni alitoa kichwa na mabega dirishani akasalimia watu asiowajua: "Mwadila! Mwadila!" Nao wakamwitikia wakicheka. Tabora tulinunua asali, tukaimwaga, tukailamba kwenye benchi. Itigi tulinunua kuku wa kuchoma. Huko mbele milima ilipoanza, dada akapiga kelele, "Tazama, treni inajiona mkia!" maana njia ilikuwa imepinda na mabehewa ya nyuma yalionekana. Behewa zima likahamia upande wetu kutazama mkia. Hata mimi, mtu wa dunia, nilitoa shingo. Mpiga Baruti peke yake alikaa, kofia magotini. Lakini nilimwona anajitahidi. Kila dada alipopiga kelele alitazama pale pale alipotazama dada, akakodoa macho mpaka yakatoa machozi, akangoja. Halafu akaketi tena polepole.

"Vipi?" nikamnong'oneza.

"Bado."

Dar es Salaam tuliingia asubuhi na mapema, joto limeshaamka kabla yetu. Mimi niliongoza, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee kati yetu aliyewahi kufika Mwanza. Tulishuka moja kwa moja mpaka pwani. Dada yangu alipoiona bahari alikaa chini mchangani kana kwamba amesukumwa.  Kisha akatambaa mpaka majini, akachovya kidole, akalamba, akatugeukia. "Nani ameitia chumvi yote hii?" Akacheka mpaka kanga ikafunguka, akalamba tena ahakikishe, akatulazimisha na sisi tulambe.

Mpiga Baruti alisimama, maji yakimpita viatuni. Alitazama mbele, akatazama kushoto, akatazama kulia. Nilishika pumzi.

"Ni maji," akasema. Na sauti yake ilikuwa ya huzuni kabisa. "Mengi. Lakini ni maji."

"Na meli ile? Chuma chote kile kinaelea!"

"Hata sufuria inaelea."

Tukampeleka kwenye jengo la ghorofa. Tulihesabu madirisha mpaka shingo zikauma. Akasema huko machimboni waliteremka ngazi nyingi kuliko hizo, tena gizani. Tukampeleka sokoni Kariakoo, tukamwonyesha papa aliyekatwa vipande, kamba wenye ndevu, kitu fulani chenye miguu mingi ambacho hata muuzaji hakukubali kutuambia ni nini. Tukanunua barafu yenye rangi kwenye kijiti. Dada alipoing'ata alipiga yowe akashika jino, kisha akaomba nyingine. Mpiga Baruti aliila yake yote, akasema, "Baridi." Tukala wali wa nazi na samaki. Mchana ukapanda, mchana ukashuka. Kila tulipogeuka, yule mzee alikuwa akiuliza, "Kuna nini kingine?" Mwanzoni aliuliza kama mteja. Baadaye aliuliza kama mgonjwa.

Dada yangu naye alibadilika. Asubuhi alikuwa akimtazama kwa kiburi. Alasiri nikaona anamchagulia vitu. "Mzee wangu, tazama yule mtu amebeba kabati kichwani peke yake." "Mzee wangu, tazama mti ule, unatoa mizizi hewani." Alikuwa anataka. Nami nikataka, nikasahau hata hoteli yangu. Tulikuwa kama watu watatu wanaotafuta sarafu iliyoanguka mchangani.

Muda wa kurudi stesheni ukawadia. Tulipita kando ya bandari, tumechoka. Mpiga Baruti alitembea katikati yetu mwendo wake ule ule, kofia kichwani. Mbele yetu alikuja mwanamke mmoja mtu mzima, amejitanda kaniki, kapu la mayai kichwani.

Hapo ndipo meli ilipolia.

Haikulia mbali. Ililia pembeni yetu, ile honi nene inayotoka tumboni, inayotetemesha meno. Mimi nilishtuka kidogo tu, kama mtu yeyote wa heshima. Lakini Mpiga Baruti! Mtu yule ambaye sijawahi kumwona akikimbia aliruka. "BARUTIII! LALA!" Akamkumba dada yangu akamlaza chini, akamlalia mzima mzima, akamfunika kichwa kwa mikono yake. Mguu wake mmoja ulinifagia mimi nikaanguka. Mimi nikamwangukia mama wa mayai. Mayai yakatuangukia wote.

Honi ikanyamaza. 

Nikataka kuinuka. "Usiinuke!" akanikemea kwa sauti nisiyoijua. "Haijalia. Mtu asiinuke. Haijalia bado!"

Watu wakaanza kukusanyika. Makuli wa bandarini, waendesha mikokoteni, wote wametuzunguka, wanaume wawili na wanawake wawili chini katika ute wa mayai.

Kutoka chini yake sauti ya dada yangu ikauliza, "Mzee wangu, kitu gani hakijalia?"

"Baruti."

"Baruti iko wapi?"

Mpiga Baruti akainua kichwa. Akaitazama meli, inakwenda zake taratibu. Akatazama watu. Kiini cha yai kilikuwa kinamteremka puani. Na mdomo wake ulikuwa wazi. Wazi! Nilimwona mimi, na dada yangu, uso kwa uso naye, alimwona kwa karibu kuliko mtu yeyote.

Mama wa mayai ndiye aliyeinuka kwanza. "Haya, enyi wageni! Nyinyi watu wa wapi?"

"Shinyanga, mama," nikasema nikitema ganda. "Wasukuma."

Akapiga makofi kwa furaha. "Alaa! Miye Mzaramo! Watani wangu hawa! Jamani, njooni, watani wangu wametoka bara kuja kuatamia mayai yangu!" Umati ukalipuka kwa kicheko. Utani baina yetu na Wazaramo ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo. Mtani akikupata na kosa ana haki ya kukuvua nguo, nawe hutakiwi kununa. Alimpokonya Mpiga Baruti kofia yake akaivaa yeye. "Na weye mzee, mkeo humlalii nyumbani, mpaka uje kumlalia bandarini mchana kweupe?"

"Si mke wangu," akasema Mpiga Baruti, mkweli yule, bado amepiga magoti.

"Si mkeo!" Mama wa mayai akawageukia watu. "Mmesikia? Si mkewe! Sasa kosa limekuwa mawili! Utalipa mayai, utalipa na faini ya utani. Na kama humwoi mwanamke huyu nitakuja mwenyewe bara nikakae kwako unilishe mpaka nife!"

"Atakuuliza kwanza kama unapika," dada yangu akamjibu, anajifuta yai masikioni. "Kisha atakwambia chakula chako ni cha moto!" Wakashikana mikono wale wanawake, wakacheka hivyo, kama dada waliopotezana. Mama wa mayai alilipwa vyake vyote, akarudisha kofia kwa shida, akatusindikiza mpaka stesheni akituimbia njia nzima. Tulipanda treni ikiwa imeshaanza kutikisika.

Mimi nilikaa nikaona kazi imekwisha. Nimefanikiwa, kama kawaida yangu. "Dada," nikasema, "umemwona. Mdomo wazi mpaka koromeo. Shahidi ni Dar es Salaam nzima. Ahadi ni ahadi."

Dada yangu akamtazama Mpiga Baruti. Mzee yule angenyamaza tu! Angetikisa kichwa mara moja, basi. Nilimkanyaga mguu anyamaze.

"Mama Kulwa," akasema, "nisiseme uongo. Ule haukuwa mshangao."

Nikamkanyaga tena.

"Bwana mdogo ananikanyaga, lakini ni kweli. Kule kwetu king'ora kikilia, baruti nayo hulia. Ikikataa kulia, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana hujui italia lini na nani atakuwa juu yake. Nilipoona haikulia, niliogopa. Nilijua niko mimi, na wewe uko chini yangu, na sijui kama mwili wangu unatosha kukukinga. Ule ulikuwa woga, mama. Usiuhesabu."

Akavaa kofia yake akageukia dirishani. Nami nikataka kumtupa nje.

Morogoro ikapita. Dodoma ikapita. Stesheni zikapita na wauza karanga wao, dada yangu hakutoa hata kichwa. Mimi nilikwishaanza kuzipigia hesabu siku zangu zilizopotea. Asubuhi ya pili, treni ilipokuwa inapanda polepole kabla ya Saranda, akafungua kapu, akatoa kiazi kikavu akampa Mpiga Baruti. Akasubiri aanze kutafuna.

"Marehemu mume wangu," akasema, "mvua ya radi ikipiga, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chini ya kitanda. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa namtania, na nilimpenda. Lakini hakuna siku aliyowahi kunivuta na mimi." Akayumba kidogo kwa mwendo wa treni. "Mzee wangu, mshangao nina wa kwangu, unatutosha wawili. Huo woga ndio nautaka. Tukifika, kaa na mdogo wangu mzungumze."

Na hapo, wasomaji wangu, hapo hapo, kati ya Dodoma na Saranda, ndipo nilipomwona Mpiga Baruti ameshangaa. Si kama bandarini. Nyusi zilipanda zikaingia chini ya kofia. Mdomo ukafunguka na kiazi kikaonekana chote. Macho yakawa kama ya mtoto aliyewashiwa taa. Alimtazama dada yangu, akanitazama mimi, akamtazama tena dada yangu, na sauti ikamtoka ndogo kama ya kifaranga: "Eeee?"

Mama Kulwa akarukia benchi. "Hiyoo! Imekuja!" akapiga makofi, na behewa zima, wasiojua kitu, wakapiga makofi pamoja naye. Mdomo ule haukufungika mpaka Manyoni. Mama mmoja akamfunikia kwa kitambaa, kuepusha nzi.

Mahari niliipanga mimi mwenyewe, na sikuona haya, maana hakuwa na ng'ombe, na mtu wa machimboni hulipa kwa fedha. Hakubisha. Walihamia Segese, kijiji kilicho karibu na machimbo, wakalima, na dada yangu akawakaangia maandazi watu waliokwenda na kurudi kuchimba.

Lakini mshangao, nadhani, ni kama maji yaliyozuiwa: yakishapata tundu hayazibiki. Watu waliotoka Segese waliniletea habari za mzee ambaye sikumtambua. Walisema anashangaa mvua. Anashangaa mahindi kuota. Akimwona punda anasimama, anamwita mkewe atoke ndani. Nilidhani wananitania.

Nilikwenda mwenyewe baadaye sana, na lori langu la kwanza, jipya, langu kwa jasho langu. Nilipiga honi mbali ili wajue ni nani anayekuja. Nilimkuta Mpiga Baruti uani kwake, nywele nyeupe zote, amechuchumaa mbele ya kuku aliyekuwa akiangua, na mdomo wazi kabisa. Hakuligeukia lori.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, marahaba. Njoo haraka, shemeji! Huyu anatoka mwenyewe, hakuna aliyemwonyesha mlango!"

Mama Kulwa alinicheka kutoka jikoni. "Usimjali, mdogo wangu. Jana alishangaa kijiko."

Nikachuchumaa naye, nikiwa na suruali yangu ya kwenda mjini. Tukamtazama kifaranga mpaka akatoka mwili mzima, ameloa, anayumba. Mzee akapumua.

"Siku hizi umekuwa kama mtoto mchanga," nikamwambia.

"Mtoto hushangaa bure," akasema, anafuta kifaranga kwa ncha ya shati lake. "Hata mimi siku hizi nashangaa bure. Lakini ule wa kwanza, wa kwenye treni, ule niliununua."

"Ulinunua kwa ngapi?"

Hakufikiri hata kidogo. Nauli zetu watatu, chakula, barafu ya kijiti, mayai na faini ya yule mtani, na mahari niliyompangia mimi, vyote alikuwa ameshavijumlisha zamani.

"Shilingi mia tano themanini na saba na senti thelathini na tano."